Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maafa: akiba ya kaya irudi kusini mwa Rufiji kabla ya masika

Kwa Mheshimiwa Waziri Mkuu, ambaye ofisi yake ndiyo yenye dhamana ya menejimenti ya maafa nchini. Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi, Mtwara na Pwani. Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri zetu. Na kwa watendaji wakuu wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkulima wa mihogo na ufuta, na bibi anayelea wajukuu wanne katika wilaya ya Kilwa. Jambo ninalolileta mbele yenu ni moja. Kaya za huku kusini mwa mto Rufiji zimepoteza akiba yao ya ndani ya nyumba, yaani chakula, maji na mahitaji madogo ya siku za dharura, na zimeipoteza kwa sababu zinazoeleweka ambazo hazina uhusiano wowote na uvivu. Ninaamini kwamba Serikali inaweza kuzisaidia kuirudisha, tena kwa gharama ndogo kuliko zile inazolazimika kuingia kila mara baada ya maji kupita.

Nianze na tulichokiona kwa macho yetu. Kimbunga Hidaya kilifika katika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, kikapita karibu na kisiwa cha Mafia, kisha nguvu zake zikapungua kilipogusa nchi kavu. Upepo uliangusha minazi na kuezua mapaa, likiwamo paa la jiko langu, lakini taabu kubwa ya kijijini kwetu ililetwa na mvua, ambayo iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, hata kwa siku kadhaa mabasi na malori yakawa yamepanga foleni pande zote mbili za maji. Mafundi na viongozi walikesha pale mpaka njia ikapitika tena, na kwa hilo ninawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, kinachonijia akilini kila ninapoikumbuka wiki ile ni duka la jirani yangu, ambalo unga wake uliisha asubuhi ya siku ya pili. Watu walikuwa na fedha kwenye simu, lakini mtandao ulikuwa umekatika na wakala hakuweza kumtolea mtu hata shilingi moja. Wachache waliokuwa na mahindi ya punje hawakuweza kuyasaga, kwa kuwa umeme haukuwapo na mashine ilikuwa imesimama. Katika kitongoji chetu nilizihesabu kaya tano tu zilizokuwa bado na kinu na mchi, na nyua za kaya hizo zilijaa kina mama tangu alfajiri wakisubiri zamu ya kutwanga. Mmoja wao, niliyemfundisha alipokuwa darasa la tatu, aliniambia kwa uchungu kwamba viganja vyake vimetoka malengelenge kwa sababu hajashika mchi tangu aolewe.

Hatukufa kwa njaa, na sitaki mtu asome barua hii akadhani ninalikuza jambo. Tarehe 25 Aprili mwaka huohuo, siku chache tu kabla ya Hidaya, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 nchini, na ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa wamepoteza nyumba na mashamba kwa mafuriko. Ukilinganisha na hayo, taabu yetu ilikuwa ndogo. Lakini ninauliza: kama barabara kukatika kwa siku chache kulitosha kuumaliza unga wa kijiji kizima, hali ingekuwaje lau njia ingefungwa kwa wiki tatu?

Waheshimiwa mnaozikumbuka enzi za kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji mtanielewa upesi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mikoa ya kusini ilikuwa ikitengwa na nchi nyingine karibu kila masika. Malori yalizama katika udongo wa mfinyanzi, mto ulifurika, na hakuna aliyetarajia unga kutoka Dar es Salaam mwezi wa Aprili. Kwa hiyo kila kaya iliishi kwa kujua kwamba itafungiwa. Mama yangu alikuwa na uchaga juu ya meko ambako mahindi ya mbegu na ya chakula yalikaa yakifukizwa moshi. Alikuwa na kihenge, yaani ghala la kusukwa, cha mtama nje, vilindo viwili vya kunde na mbaazi ndani, makopa ya mihogo yaliyokaushwa vizuri mwezi wa Agosti wakati jua ni kali na upepo wa kusi unavuma, na ng'onda wa papa aliyetundikwa mahali ambapo paka hafiki. Nje ya hapo palikuwa na shamba la mihogo lenyewe, ambalo ni ghala lililo ardhini, kwa kuwa muhogo uliokomaa unaweza kusubiri miezi mingi bila kung'olewa. Na yote hayo yalipopungua, watu waliingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni. Hakuna aliyeyaita mambo haya maandalizi ya dharura. Yalikuwa ndiyo maisha ya nyumba iliyo na watu wazima ndani yake.

Kisha daraja likaja, lami ikaja, na malori ya unga yakaanza kupita kila siku. Tuliyashangilia, na bado tunayashangilia, kwa sababu barabara ile imeokoa kina mama wajawazito na imewapeleka watoto wetu vyuoni. Lakini pamoja na faida hizo lilitokea jambo ambalo halikuandikwa katika taarifa yoyote ya mradi niliyowahi kuisikia: kaya zilianza kulitegemea lori kama zilivyokuwa zikikitegemea kihenge. Mkulima anauza ufuta mwezi wa Juni au Julai, anauza korosho kuanzia Oktoba, fedha zinaingia kupitia chama cha msingi, na mwaka mzima unaobaki ananunua unga kilo mbili mbili. Uchaga ukaondolewa jiko lilipoezekwa bati. Fundi wa kusuka vihenge akazeeka bila mwanafunzi. Kizazi kilichozaliwa baada ya daraja kina mashamba makubwa ya korosho kuliko ya baba zao, na kina chakula kidogo zaidi ndani ya nyumba. Simlaumu mkulima huyo hata kidogo, kwa sababu alifanya hesabu sahihi ya siku za kawaida. Hesabu iliyokosekana ni ya siku zisizo za kawaida, na hiyo ni hesabu ambayo mtu mmoja mmoja huifanya kwa shida bila kusaidiwa na wenye kuona mbali zaidi yake, yaani ninyi.

Wala siku hizo si ngeni katika pwani hii. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja, na kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952, ambacho wazee wetu walikisimulia mpaka walipofariki. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 tunazikumbuka sote. Tena sisi wa Kilwa tunayo kumbukumbu nyingine, nzito zaidi, kuhusu thamani ya ghala la kaya. Vita vya Maji Maji vilipoanza huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwezi Julai 1905, Wajerumani walitambua baada ya muda kwamba bunduki peke yake hazitawamaliza watu waliotawanyika msituni, na ndipo wakageukia kuchoma vijiji, mashamba na chakula kilichohifadhiwa. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Adui aliyetaka kuivunja nguvu ya nchi alijua kwamba nguvu hiyo inakaa kwenye kihenge, na mimi ninasikitika kuona kwamba sisi wenyewe, wakati wa amani, tumekiacha kihenge kianguke bila mtu kukichoma.

Najua kuna watakaosema kwamba jambo hili lilikwishajaribiwa, na kwa sehemu wanasema kweli. Tangu enzi za Mwingereza kulikuwa na amri ya kila kaya kulima mihogo kama zao la njaa, na baada ya uhuru halmashauri nyingi zilitunga sheria ndogo za kuwataka watu wawe na ekari za mazao yanayostahimili ukame. Nilizishuhudia sheria hizo zikitekelezwa. Mgambo walipita na daftari, asiyekuwa na ekari alitozwa faini au kupelekwa mbele ya baraza, na watu wakajifunza kupanda mistari michache ya mihogo kando ya barabara ili ionekane na mkaguzi. Ninawaomba sana msiirudishe njia hiyo. Akiba inayowekwa kwa kuogopa faini huwekwa mahali pa kuonekana, haiwekwi mahali pa kuliwa.

Kuna njia nyingine ambayo nchi hii iliivumbua yenyewe na kisha ikaisahau. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza vipindi vya redio kila wiki, wakasoma vijitabu vilivyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana wakiongozwa na viongozi wa vikundi waliofundishwa, kisha wakatoka pale na majembe kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo uleule. Kilichokuwa cha maana katika mtindo ule ni kwamba kila kipindi kilimalizika kwa kikundi kukubaliana jambo la kufanya kabla ya wiki iliyofuata, na jirani alimwona jirani akilifanya. Hakuna faini iliyohitajika. Leo tuna redio katika kila wilaya, tuna simu karibu katika kila nyumba, tuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ambayo bado ipo, na tuna walimu wastaafu wengi kama mimi wanaoweza kuongoza kikundi bila kulipwa posho kubwa. Ninaiomba Ofisi ya Waziri Mkuu iandae kampeni ya namna hiyo kuhusu akiba ya kaya, ianzie mikoa ya kusini na Pwani, ifanyike kati ya Agosti na Oktoba wakati mavuno yapo ndani na watu wana nafasi ya kukaa kitako.

Kampeni hiyo ifundishe nini? Naomba niseme kwa vipimo, maana ushauri wa jumla wa "wekeni akiba" tumeusikia miaka yote na haujajaza debe lolote. Kaya ya watu sita, ikihesabiwa wastani wa gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, inahitaji kilo 34 hivi kwa siku 14, kiasi ambacho ni karibu madebe mawili ya mahindi. Ikiongezewa kilo 8 au 9 za kunde, mbaazi au choroko, mafuta lita 2, chumvi, sukari na dagaa wakavu, kaya hiyo inaweza kukaa wiki mbili bila lori lolote kupita. Maji ya kunywa na kupikia, kwa kadirio la chini la lita 3 kwa mtu kwa siku, ni madumu matatu ya lita 20 kwa siku tatu za mwanzo, wakati kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko hakifai kuguswa. Hivi si vitu vya tajiri. Kinachovifanya vionekane vigumu ni kwamba vinatakiwa vikusanywe kidogo kidogo na visiguswe, na hilo linahitaji mazoea, kama vile mtu anavyojizoeza kutokivunja kibubu.

Kuna jambo la mahindi ambalo ni lazima nilikalie kidogo, kwa sababu hapa ndipo nia njema nyingi huharibikia. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao walikuwa na moshi wa uchaga na hawakumjua dumuzi. Mdudu huyu alionekana nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tabora, na tangu hapo amekuwa sababu kubwa ya wakulima kuuza mahindi yote mara tu baada ya kuvuna, kwa bei ya chini, kuliko kukaa nayo na kukuta unga wa vumbi ndani ya gunia mwezi wa Desemba. Mtu akimwambia mkulima aweke akiba bila kumpa namna ya kumshinda dumuzi, anamwambia amlishe mdudu. Namna ipo: mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, miwili ya ndani ya plastiki na mmoja wa nje wa kufumwa, ambayo ikifungwa sawasawa humnyima mdudu hewa na kumuua bila dawa yoyote. Mimi nimeitumia kwa misimu minne na nimekula mahindi mazima mwezi wa Machi. Tatizo ni kwamba mifuko hii haifiki vijijini kwa wakati, na inapofika bei yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya gunia la kawaida. Serikali ilianzisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022 na wakulima wengi wakanufaika. Ninaomba kaya isaidiwe vilevile kupata mifuko miwili tu, mmoja wa nafaka na mmoja wa mikunde. Kinachoongeza mavuno na kinachoyalinda mavuno vyote ni pembejeo.

Ukaushaji nao usisahaulike. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sisi wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi zaidi, hatuna sababu ya kujiona salama. Mahindi yaliyowekwa mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa ni hatari kuliko yaliyoachwa wazi. Maafisa ugani wafundishe kipimo kile rahisi cha chumvi kavu ndani ya chupa: unatia punje pamoja na chumvi, unatikisa, unaacha kwa robo saa, na kama chumvi imeganda ukutani mwa chupa, mahindi bado hayajakauka. Turubai la kuanikia ligawiwe kwa vikundi. Kuhusu mihogo, kituo cha utafiti cha Naliendele kiko hapa kusini, na wataalamu wetu wamekwisha kuzalisha mbegu kama Kiroba na Chereko kwa ajili ya kukabiliana na magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Michirizi kahawia ndiyo inayolivunja ghala letu la ardhini, kwa kuwa majani yanaweza kuonekana mazuri huku kiazi kimeoza ndani, na mkulima hugundua siku ya kung'oa, siku ambayo anakihitaji. Mashamba ya mbegu safi yawepo katika kila kata.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 40, katika wilaya inayopata milimita 900 kwa mwaka, inapokea zaidi ya lita 30,000, na karibu zote zinakwenda kuchimba makorongo uani. Mfereji wa bati, kichujio cha kitambaa na simtanki moja kwa kaya kumi ni mwanzo mzuri, na shule, zahanati na misikiti yenye mapaa makubwa inaweza kuwa ya kwanza. Elimu ya maji salama iende pamoja na hayo, yaani kuchemsha, dawa ya klorini, na namna ya kumtengenezea mgonjwa wa kuhara maji ya chumvi na sukari pale ambapo pakiti za ORS zimekwisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Sasa nigeukie taarifa za tahadhari, ambazo ni eneo la Mamlaka ya Hali ya Hewa na ambazo, niseme wazi, zimeboreka sana. Kuhusu Hidaya tuliambiwa mapema, na waliosikiliza walipandisha mashua zao. Lakini taarifa inasema upepo utazidi kiasi gani na mawimbi yatafika mita ngapi, na inamalizia kwa kuwataka wananchi wachukue tahadhari. Mama mwenye watoto watatu na nyumba ya udongo anabaki akijiuliza tahadhari ni kufanya nini hasa. Ninapendekeza kila taarifa ya hatari kubwa iambatane na maneno ya vitendo yaliyokubaliwa na kamati za maafa: sagisheni mahindi leo kabla umeme haujakatika, jazeni madumu yote, chajini simu na taa, toeni fedha kidogo taslimu, fungeni vyeti, kadi za kliniki na vitambulisho katika mfuko wa nailoni, ingizeni kuni na mkaa ndani, na mjue ni nyumba ipi ya mawe au shule ipi mtakayokimbilia. Maneno hayo yasomwe na vipaza sauti vya misikiti, yapelekwe kwa viongozi wa wavuvi madiko yote, yasemwe na wenyeviti wa vitongoji. Mnakumbuka kwamba Aprili 2019 Mtwara na Lindi zilitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, shule zikafungwa, kisha kimbunga kikaishia Msumbiji na kuwaumiza ndugu zetu wa Cabo Delgado. Niliwasikia watu wakisema baada ya hapo kwamba tumetishwa bure. Lakini mtu aliyesagisha mahindi na kujaza madumu hapotezi kitu kimbunga kinapogeuka njia: anakula unga wake na kunywa maji yake. Maandalizi ya namna hii ndiyo yanayoilinda heshima ya utabiri.

Ninajua pia kwamba kuna kaya zisizoweza kuweka hata debe moja, na kampeni yoyote isiyowafikiria itawaongezea aibu. Wapo wajane, wazee wanaoishi peke yao, watu wenye ulemavu, na wapangaji wa chumba kimoja katika miji yetu midogo ambao hawana pa kuweka hata gunia. Kwa kaya zilizomo katika mpango wa TASAF, ajira za muda zinaweza kuelekezwa kwenye kujenga maghala madogo ya vijiji, kuchimba mifereji ya maji ya mvua na kuzalisha mbegu za mihogo, ili mlengwa apate ujira na kijiji kipate ghala. Kwa wagonjwa wa presha, kisukari na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ninaomba vituo vya afya viruhusiwe kuwapa dozi ya ziada ya mwezi mmoja kila inapofika Februari katika maeneo yanayoweza kukatika. Mwaka ule nilimwona jirani yangu, mzee wa zaidi ya miaka sabini, akizigawa nusu nusu tembe zake za presha kwa sababu hakujua barabara itafunguka lini. Sikuwa na la kumwambia.

Kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nina ombi moja. Maghala yenu yaliyo karibu zaidi nasi yako Kipawa, jijini Dar es Salaam, na Songea. Kipawa iko upande wa pili wa Rufiji na wa Somanga, na Songea ni safari ndefu kupitia Tunduru na Masasi kabla ya kushuka pwani. Ningeomba kila mwaka, kabla ya mwezi Machi, kiasi cha mahindi na unga kiletwe Kilwa, Mafia na Liwale na kuhifadhiwa huko mpaka Juni, kisha kisichotumika kiuzwe kwa wananchi kwa bei nafuu wakati wa kupokea mavuno mapya. Akiba hiyo ya wilaya haitachukua nafasi ya akiba ya kaya. Itakuwa nyuma yake, kwa ajili ya wale ambao nyumba zao na vihenge vyao vimesombwa kwa pamoja.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia mkoa mpaka kijiji, na jambo hilo ni jema. Katika vijiji ninavyovijua, kamati hizo hukutana maafa yakishatokea, kuorodhesha walioathirika ili wapate msaada. Ninaomba zipewe kazi ya pili, ifanyike Novemba na Februari kila mwaka: kupita nyumba kwa nyumba bila daftari la faini, kuuliza kaya ina chakula cha siku ngapi, maji yake yanatoka wapi, nani ndani yake hawezi kutembea mwenyewe, na kina mama wana kinu au hawana. Majibu yabaki kijijini, na nakala ya jumla iende wilayani, ili siku barabara itakapokatika Mkurugenzi ajue kitongoji kipi kinaweza kusubiri wiki na kipi hakiwezi kusubiri siku mbili. Kwa sasa anajua hayo baada ya watu kuanza kulalamika, na mara nyingi wanaolalamika kwa sauti kubwa ndio wenye nafuu.

Shule zetu nazo zilikuwa na nafasi yake. Nilianza ualimu wakati Elimu ya Kujitegemea ilipokuwa bado ni shamba halisi, na darasa la saba la wakati ule lilijua kukausha makopa na kusuka kihenge kidogo. Sitaki watoto wageuzwe vibarua, jambo lililowahi kutokea mahali pengine na likaiharibia sera hiyo jina. Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kumfundisha mtoto kupima ukavu wa punje, kuchuja maji, na kuhesabu chakula cha nyumbani kwao kitafika lini.

Waheshimiwa, vipando vya mihogo hukatwa na kupandwa mvua za mwanzo zinaponyesha, Novemba na Desemba. Mifuko ya kuhifadhia inahitajika mikononi mwa watu Julai, mahindi yakiwa uwanjani. Redio inahitaji miezi ya kuandaa vipindi. Kwa hiyo masika yajayo yanaamuliwa katika vikao vya bajeti na vya halmashauri vya mwaka huu. Sisi wastaafu wa kata yetu tumekwisha kuanza na kikundi cha kaya 22, kila moja ikiwa imeweka debe lake la kwanza, na fundi wa mwisho wa vihenge tuliyebaki naye amekubali kuwafundisha vijana wanne. Tunaomba afisa ugani mmoja, turubai mbili na jibu la barua hii.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi